Mwalimu Anajibu: Binti aende shule ya wasichana watupu au ya mchanganyiko?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni mama wa watoto wawili, tuko Morogoro. Binti yetu anaingia fomu wani mwakani, na baba yake hataki kabisa kusikia habari ya shule ya mchanganyiko, anasema kule ni mimba tu, yeye kasoma wavulana watupu na anaamini ndo kulikomtoa. Mimi nimesoma kata, mchanganyiko, dei, na nimemaliza vizuri tu. Juzi tumebishana mezani mpaka mtoto kaacha chakula kaenda kulia chumbani. Nani yuko sahihi hapa?
Mama Wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya yote mwiteni huyo mtoto mkae naye, maana mmembishania yeye na hakuna aliyemuuliza anataka nini. Kuna watoto wanapumua wakiwa wasichana wenyewe na kuna wengine wanasinyaa, sasa hilo wewe na baba yake mtalijuaje kama hamjamsikiliza?

Hofu ya mzee wako mi siipuuzi hata kidogo. Nimefundisha shule ya wasichana ya bweni, afu nikahamia shule ya kata, na pale kata nimeona madawati yanabaki wazi katikati ya muhula, unauliza fulani yuko wapi, wenzake wanaangalia chini. Ila nikuambie nilichokiona kwa macho yangu, wengi wa mabinti wale aliyewapa ujauzito hakuwa mvulana wa darasani, alikuwa mtu mzima, mwenye pikipiki anayewapa lifti, au ni hawa waliopanga geto karibu na shule kwa sababu nyumbani ni mbali, mtoto wa miaka 15 analala peke yake chumba cha kupanga na hela ya chakula imeisha Jumatano. Kwa hiyo ukimtoa mvulana darasani ukaiacha ile barabara na lile geto kama vilivyo hujamlinda mtu. Kinachomlinda ni bweni la karibu lenye watu wazima wanaoeleweka, na ndo maana mi nafurahi sana serikali ilipoamua kujenga zile shule za sayansi za wasichana, moja kila mkoa.

Bweni la mchanganyiko lisilo na ulinzi usilikubali hata kwa bure. Wakubwa wenzangu wanakumbuka ya shule ya mchanganyiko ya St. Kizito, Meru kule Kenya, Julai 1991, wavulana walivamia bweni la wasichana usiku na wasichana 19 wakapoteza maisha. Shule ya mchanganyiko ya kutwa ni kitu kingine kabisa, tusivichanganye.

Kuhusu kufaulu, hapo baba anajidanganya kidogo. Tulizoea zile orodha za shule kumi bora za NECTA, baraza la mitihani, mpaka walipoacha kuzitangaza Januari 2023, na juu kule zilijaa shule za jinsia moja, basi mzazi anahitimisha kwamba siri ni kutenganisha. Hapo hapo Morogoro mnayo Kilakala ya wasichana na Mzumbe ya wavulana, shule nzuri sana, lakini ni za vipaji maalum, zinapokea watoto ambao tayari walikuwa wa kwanza darasa la saba! Watafiti walishakusanya tafiti za nchi 21, wanafunzi zaidi ya milioni 1.6, wakachapisha 2014, na walipolinganisha watoto wanaofanana kweli ile faida ya kutenganisha ikabaki ndogo mno, karibu hakuna.

Hata hivyo kuna jambo moja linaniuma mpaka leo. Pale kata tulikuwa na amita mbili, vile vifaa vya kupimia mkondo wa umeme, kwa darasa la watu zaidi ya sitini. Kila prakto ya fizikia wavulana wanashika nyaya, wasichana wanashika kalamu, wanaandika namba wanazosomewa. Nimeliona hilo mwaka mzima na mi mwenyewe nikaona ni kawaida, Mungu anisamehe. Siku moja nikasema leo kundi la wasichana lina amita yake. Binti mmoja kaishika kwa vidole viwili kama yai, kaunganisha vibaya, mshale ukarudi nyuma, wakacheka, wakageuza nyaya, mshale ukapanda, huyo mtoto akapiga kelele mpaka darasa la jirani wakachungulia. Fomu thrii, na ndo mara ya kwanza anaigusa. Hiyo ndo faida ninayoiona mimi ya wasichana kuwa wenyewe, hakuna wa kuwanyang'anya kifaa mkononi, na mwalimu mwenye macho anaweza kuifanya hata kwenye shule ya mchanganyiko.

Kwa hiyo nendeni wote watatu mkazione hizo shule, msiishie ofisini kwa mkuu. Ombeni kuona choo cha wasichana kama kina mlango na maji, muulizeni metroni usiku analala wapi, na mchungulie maabara nani kashika nini.

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Niko Shinyanga vijijini. Mdogo wangu ana ualbino, alipelekwa kwenye kituo cha kulinda watoto wenye ualbino akiwa na miaka 6, sasa ana 11. Mama anaogopa kumleta nyumbani hata likizo na majirani wanasema huko ndo kwao sasa. Ni sawa kweli?
Kaka Mtu

JIBU: Si sawa mwanangu, ingawa mama namuelewa. Wakati mauaji ya watu wenye ualbino yalipopamba moto, miaka ile ya 2007 mpaka 2009, shule kama Buhangija hapo kwenu na Mitindo kule Misungwi zilipokea watoto wengi na ziliokoa roho zao. Ila mtoto alipelekwa kukimbizwa hatari, hakupelekwa kukatwa kwenye ukoo. Na kusoma anaweza popote, akikaa mbele karibu na ubao, akiandikiwa maandishi makubwa, akipata kofia na mafuta ya jua. Shule ya Uhuru Mchanganyiko pale Dar wasioona na wanaoona wamesoma shule moja miaka na miaka.

Anza taratibu. Kaongee na mwenyekiti wa kijiji na afisa ustawi wa jamii kuhusu usalama, muombe likizo moja fupi, wewe mwenyewe ukamchukue na umrudishe. Lakini kabla ya hapo nenda Jumamosi hii ukamuone, mpelekee kofia pana, na mkishakaa mpigie mama simu umpe mtoto aongee naye.