Kath Walker au Oodgeroo Noonuccal?

Ndugu, hao uliodhani ni washairi wawili, Kath Walker na Oodgeroo Noonuccal, ni mtu mmoja: mama Mwaborijini, yaani mwenyeji wa asili wa Australia. Vitabu vyake vya mwanzo, kuanzia We Are Going cha 1964, vilitoka kwa jina la Kath Walker. Oodgeroo Noonuccal ni jina alilolichukua kipindi aliporudisha nishani ya heshima ya Uingereza, MBE, aliyopewa 1970, akipinga sherehe za 1988 za miaka 200 tangu Waingereza watie nanga Australia. Maktabani tafuta majina yote mawili, la sivyo utakosa vitabu vyake vingine.

Halafu, kura ya maoni ya Australia ya 1967 aliyoipigia debe haikuwapa Waaborijini haki ya kupiga kura; hapo wengi huteleza. Haki hiyo kitaifa ilikuja 1962, na kwenye chaguzi za jimbo la kwao, Queensland, 1965. Ya 1967 iliwaingiza kwenye sensa na kuliruhusu bunge la shirikisho kuwatungia sheria. "Ndiyo" zilipita asilimia 90. Mwaka 1963 Menzies, Waziri Mkuu wa Australia, alipomkaribisha kinywaji, mama huyo alimjibu kwamba kule Queensland yeye Menzies angefungwa kwa kumpa Mwaborijini pombe. Mzee hakuwa na habari!