Kebo mbili kati ya swichi mbili, mtandao wote umekufa

Swali: Nina swichi mbili za kawaida za poti 8, zile zisizo na ukurasa wa mipangilio. Nilipoziunganisha kwa kebo moja, mambo yalikuwa shwari. Nikaongeza ya pili ili kasi ipande. Ghafla taa zote zinapepesa kwa pamoja na hata ruta haifikiki. Swichi zimeungua?

Jibu: Hazijaungua. Chomoa kebo moja kati ya hizo mbili, mtandao utarudi wenyewe. Ukisuasua, zima swichi zote kisha uziwashe.

Ulichotengeneza ni kitanzi. Swichi ni daraja: fremu (kifurushi cha data) ikiingia, inasoma anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao) ya mtumaji na kuandika kwenye jedwali lake kwamba huyu yuko poti fulani. Mpokeaji akiwa anajulikana, fremu inapelekwa kwenye poti yake tu. Asipojulikana, au fremu ikiwa ni tangazo kwa wote (FF:FF:FF:FF:FF:FF), inatolewa poti zote isipokuwa ile iliyoingilia.

Sasa fuata tangazo moja, tuseme kompyuta inauliza kwa ARP (njia ya kutafuta MAC ya mwenye anwani fulani ya IP) nani mwenye 192.168.1.1. Swichi A inalitoa kwenye kebo zote mbili. Swichi B inapata nakala mbili: iliyoingia kwa kebo ya kwanza inairudisha kwa ya pili, na ya pili kwa ya kwanza. A nayo inafanya vivyo hivyo. Pakiti ya IP ina TTL, yaani hesabu ya ruta inazoruhusiwa kupita, inayopungua kila inapopita ruta. Fremu ya Etheneti haina kitu kama hicho, hivyo inazunguka mpaka uchomoe kebo. Jedwali nalo linavurugika, maana kompyuta iliyo poti 1 inaonekana mara poti 7, mara poti 8.

Ukitaka kebo mbili zifanye kazi pamoja, nunua swichi zenye LACP (itifaki ya kufanya kebo kadhaa ziwe kiungo kimoja), na uipange pande zote mbili kabla ya kuchomeka kebo ya pili. Hata hivyo usitarajie faili moja kunakiliwa kwa Gbps 2 kwenye kebo mbili za Gbps 1: mazungumzo ya mashine mbili kwa kawaida hubaki kebo moja.

Ukitaka ya pili iwe ya akiba tu, washa STP (itifaki ya kuzuia vitanzi) kwenye swichi zenye ukurasa wa mipangilio. Itaifunga hadi ile ya kwanza ikatike. STP ya zamani huchukua sekunde 30 kufungua poti, 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza, kwa hiyo chagua RSTP, toleo lake la haraka. Pia ipe swichi unayotaka iwe kiongozi wa STP kipaumbele 4096, kwani namba ndogo ndiyo hushinda. Zote zikibaki na 32768 ya kiwandani, anayeshinda ni mwenye MAC ndogo, na mara nyingi huyo ni swichi kuukuu kuliko zote.