Mraibu nyumbani, Biblia mkononi

Wazazi wengi kanisani huniuliza swali moja: "Huyu mtoto ana dhambi au anaumwa?" Wanataka nichague. Nimeishi nyumba moja na mdogo wangu miaka aliyokuwa anatumia unga, yaani heroini, na jibu langu huwa haliwafurahishi: ni vyote viwili, ila si kwa kipimo kilekile kila siku.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, aya ya 2291, haizungukizunguki: kutumia dawa za kulevya, isipokuwa kwa tiba, ni kosa zito. Lakini Katekisimu hiyohiyo, aya ya 1735, inakiri kwamba lawama ya mtu kwa tendo lake yaweza kupungua, hata kufutika, kwa sababu ya hofu, mazoea na mengineyo. Waprotestanti wengi hufika karibu na hapo kwa kumsoma Paulo. Anaposema "mimi sitatiwa chini ya uwezo wa kitu cho chote" (1 Wakorintho 6:12), anaongea na mtu ambaye bado ana uwezo wa kukataa. Katika Warumi 7 tunamsikia mtu anayetenda baya asilolipenda. Kijana anayeonjeshwa na marafiki kwa mara ya kwanza msomee Wakorintho. Aliyekwisha kunaswa, anza na Warumi.

Na kuna saa za kufunga Biblia kidogo. Arosto ya unga, yale mateso ya mwili unapoikosa dawa, huanza kama mafua: miayo, machozi, makamasi. Kisha vinyweleo vinasimama, mifupa inauma, tumbo linaharisha, mtu anajikunja sakafuni na kutupa shuka kila dakika. Wakati huo anahitaji maji, ndoo na mtu wa kukaa naye. Mahubiri hayasikii, hata ukipaza sauti.

Jambo linaloniudhi zaidi ni maneno ya waumini kuhusu methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa waraibu wa unga kliniki badala yake, eti ni kuacha ulevi mmoja na kushika mwingine, eti ni upungufu wa imani. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Anayeinywa kwa kipimo cha daktari hashindi akikimbizana na arosto. Anaweza kufanya kazi, na hiyo ibada yenyewe anaifuatilia. Mbona mgonjwa wa saratani akipewa mofini, dawa ya maumivu iliyo jamii moja na unga, hatumwiti mlevi? Paulo huyohuyo alimwambia Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake.

Kuombea na kufunga, endeleeni. Ila msimfungie mlevi sugu wa pombe chumbani mkisema pepo anatoka. Kuacha pombe ghafla kunaweza kuleta degedege, na watu hufa. Apelekwe hospitali kwanza. Kwa unga, hatari kubwa iko baadaye: akikaa wiki kadhaa bila kutumia, mwili unasahau kile kiwango cha zamani, na akikirudia anaweza kuacha kupumua. Ulizeni mhudumu wa afya kuhusu naloksoni, dawa inayomrejesha mtu aliyezidisha, na familia ijifunze kuitumia.

Kuhusu pesa, Wagalatia 6 imenisaidia kuliko ushauri wowote. Mstari wa 2 unasema mchukuliane mizigo. Wa 5 unasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Nyumbani kwetu chakula hakikukosekana kwa ajili yake, nauli ya kliniki tulimlipia sisi wenyewe, na fedha taslimu hakupewa. Madeni ya wauzaji hatukuyagusa. Mama alilia kwa hilo, na sikumlaumu.

Akianza kupata nafuu, msikimbilie kumpandisha madhabahuni atoe ushuhuda. Akiteleza baada ya makofi yale, aibu itamfukuza kanisani kabisa. Mpeni kazi ya kawaida. Mdogo wangu alipangiwa kupanga viti kabla ya ibada. Baadaye wazee walipotaka kumwonyesha kwamba wanamwamini, wakamwita kwenye kuhesabu sadaka, alikataa mwenyewe: "Bado, wazee wangu. Mwakani mniulize tena."