Dawa "zinaingiliana", "zinagongana" au "zinachanganyika"?

SWALI: Tunatafsiri fomu ya ridhaa ya utafiti unaochunguza dawa ya virusi vya ukimwi (VVU) inapotumiwa pamoja na dawa ya kifua kikuu. Mwenzetu mmoja ameandika "muingiliano wa dawa", mwingine "mgongano wa dawa", wa tatu "mchanganyiko wa dawa". Lipi ni sahihi? Na je, neno "dozi" linafaa kwenye fomu ya namna hii?

JIBU: Tuanze na tahajia. Andikeni mwingiliano, kwa mw-. Kiambishi mu- kikitangulia irabu i huwa mw-: mwito, mwiko, mwinuko. Wingi ni miingiliano. Umbo "muingiliano" limeenea magazetini, na wanaolitetea hutoa mfano wa muundo na muungano, lakini huko irabu inayofuata ni u, si i.

Hilo ni jepesi. Tatizo kubwa liko kwenye kiambishi cha upande wa pili wa neno.

Ingia, ingilia, ingiliana. Hiyo -an- ni ya kutendana. Tukisema watu wanapigana au wanasaidiana, kila upande unatenda na kutendewa. Kwa hiyo mkiandika "rifampisini na dolutegraviri huingiliana" (ya kwanza ni dawa ya kifua kikuu, ya pili ni ya VVU), msomaji ana haki ya kuelewa kwamba kila moja inaisumbua nyingine. Sivyo ilivyo. Rifampisini hulichochea ini litengeneze kwa wingi vimeng'enya vinavyovunja dawa, vikiwamo vile vinavyoivunja dolutegraviri, nayo dolutegraviri ikapungua damuni kabla ya muda wake. Kipimo cha rifampisini hakibadilishwi kwa sababu ya dolutegraviri. Athari inakwenda upande mmoja.

Mgonjwa huyohuyo akiwa na kisukari na anameza metfomini, mambo yanageuka: sasa dolutegraviri ndiyo inayotenda. Huzuia protini za figo zinazoisafirisha metfomini kuingia kwenye mkojo, nayo metfomini ikarundikana. Dolutegraviri ya miligramu 50 mara moja kwa siku ilipandisha kiasi cha metfomini mwilini kwa asilimia 79; ilipotolewa mara mbili kwa siku, kwa asilimia 145. Ndiyo sababu miongozo mingi ya tiba huweka kikomo cha miligramu 1,000 za metfomini kwa siku kwa mtu anayetumia dawa hizo mbili.

Nomino mwingiliano inaficha mambo yote hayo: nani anatenda, nani anatendewa, kinapanda nini na kinashuka nini. Iacheni kwenye kichwa cha utafiti, pale inapokaa vizuri. Ndani ya fomu tumieni vitenzi vya wazi: hupunguza, huongeza, huchelewesha, huzuia. Nako kutumia ingilia bila -an- hakuwaokoi. Kumwingilia mtu kuna maana inayojulikana na kila mtu mzima, na fomu za tafiti hizi kwa kawaida huwa na sehemu ya kujamiiana na uzazi wa mpango kurasa chache mbele. Hamtaki mshiriki arudi nyuma kuuliza ni uingiliaji upi uliokusudiwa.

Wataalamu wa famakolojia huipa dawa inayosababisha mabadiliko jina la mhalifu, na ile inayobadilishwa jina la aliyedhulumiwa. Msiyafuate. "Mwathirika", ambalo mngeweza kulitumia kwa hilo jina la pili, kwa masikio ya wengi ni mtu anayeishi na VVU, na limeanza kuachwa kwa sababu ya unyanyapaa. Halifai kupewa kidonge. Dawa inayoathiri na dawa inayoathiriwa yanatosha.

Sasa hayo maneno mengine mawili. Mgongano si kosa la lugha, ni hukumu iliyotolewa kabla ya ushahidi. Hudokeza madhara, ilhali mwingiliano mwingine hutafutwa kwa makusudi. Ritonaviri ya miligramu 100 hutolewa pamoja na lopinaviri ya miligramu 400, zote dawa za VVU, kwa sababu ritonaviri huzuia kimeng'enya kinachoivunja lopinaviri. Bila kizuizi hicho lopinaviri isingekaa damuni muda wa kutosha. Huo utauitaje mgongano?

Mchanganyiko nao unaelekeza kwenye chombo: vitu viwili vimetiwa pamoja. Linafaa kwa dawa zinazokorogwa au kutiwa kwenye dripu moja, na huko kuna hatari ya aina yake. Seftriaksoni, dawa ya sindano ya kuua bakteria, ikikutana na maji ya dripu yenye kalisi hufanya mashapo ndani ya mrija, kabla hata ini au figo havijahusika. Huko ni kutopatana kwa dawa. Na kuna mseto, neno ambalo hospitali zetu zimeshalizoea: dawa kadhaa zilizokusudiwa kufanya kazi pamoja, aghalabu ndani ya kidonge kimoja, kama dawa mseto ya malaria, ALu, yenye atemeta miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Utafiti unaweza kuchunguza mwingiliano wa dawa mseto na dawa nyingine, na hapo maneno yote mawili yanahitajika, kila moja kwa kazi yake.

Ili mjue wapi tafsiri huteleza, inafaa kuona utafiti wa namna hii unavyopangwa. Utafiti mmoja wa rifampisini na dolutegraviri, uliochapishwa 2013, ulifanywa kwa watu wenye afya wasio na VVU. Awamu ya 1 walimeza dolutegraviri miligramu 50 mara moja kwa siku, siku 7. Awamu ya 2, miligramu 50 mara mbili kwa siku, siku 7. Awamu ya 3 waliendelea na mara mbili huku wakiongezewa rifampisini miligramu 600 kwa siku, siku 14. Katika tafiti hizi damu huchukuliwa kwa vipindi, kiasi cha dawa huchorwa kwenye grafu, kisha hukokotolewa eneo lililo chini ya mchirizi wake. Eneo hilo ndilo kipimo cha dawa yote ambayo mwili umeipata katika muda huo. Rifampisini iliwekwa mwisho kwa sababu uchochezi wake wa vimeng'enya huchukua kama wiki 2 kufika kileleni na muda kama huo kutoweka. Ingetangulia, awamu inayofuata ingeanza na ini ambalo bado limechochewa.

Matokeo: dolutegraviri ya awamu ya 3 ilipungua kwa asilimia 54 ikilinganishwa na awamu ya 2. Hapa ndipo herufi chache huharibu kazi. "Ilipungua kwa asilimia 54" maana yake ilibaki 46. "Ilipungua hadi asilimia 54" maana yake ilibaki 54. Nimeona rasimu zikibadilishabadilisha kwa na hadi kana kwamba ni visawe. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba mara mbili kwa siku pamoja na rifampisini bado ilizidi mara moja kwa siku peke yake, kwa asilimia 33. Ndiyo maana mgonjwa wa kifua kikuu huongezewa dolutegraviri ya jioni badala ya kubadilishiwa dawa.

Jambo jingine la kuangalia katika matokeo ni kauli "hakuna mwingiliano". Wataalamu huandika hivyo pale ambapo uwiano wa kiasi cha dawa mwilini ikiwa pamoja na nyingine na ikiwa peke yake, pamoja na mipaka yake ya uhakika ya asilimia 90 (masafa ambamo uwiano halisi unakadiriwa kuwamo), umebaki ndani ya asilimia 80 hadi 125. Kwa hiyo mabadiliko yanaweza kuwapo. Tafsirini "hakuna mabadiliko makubwa ya kutosha kurekebisha kipimo", au chochote kinachosema hivyo kwa ukweli.

Kuhusu dozi: neno ni la Kiswahili, ila lina maana mbili zinazokinzana. Mtaani na wodini, dozi ni tiba yote kuanzia kidonge cha kwanza hadi cha mwisho. Ndiyo maana watu huambiwa "maliza dozi", na aliyeacha siku ya pili ameambiwa amekunywa "nusu dozi". Kwa mtafiti, dozi ni kiasi kinachomezwa kwa mara moja. Mshiriki akisoma "utapewa dozi moja ya midazolamu" (dawa ya usingizi) anaweza kutarajia pakiti ya siku kadhaa. Akisoma "dozi itaongezwa maradufu" anaweza kudhani atameza dawa mwezi mzima badala ya wiki 2. Mimi ningeliondoa neno hilo fomuni na kuhesabu vidonge:

"Rifampisini hupunguza kiasi cha dolutegraviri katika damu yako. Kwa hiyo utameza kidonge 1 chenye dolutegraviri asubuhi, na kidonge kingine 1 cha dolutegraviri jioni, baada ya kupita muda wa saa 12. Utaendelea hivyo mpaka wiki 2 zipite tangu siku uliyomaliza dawa za kifua kikuu."

Hapo "kupita muda wa" si mapambo. Saa kwa Kiswahili ni muda, na ni wakati pia, na saa 2 ya wakati ni asubuhi au usiku. Maelekezo ya dolutegraviri yanataka imezwe muda wa saa 2 kabla, au muda wa saa 6 baada, ya dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini, kwa kuwa madini hayo huishika tumboni isifyonzwe. Andikeni kwa mkato "saa 2 kabla, saa 6 baada", na mtu atameza moja saa 2 asubuhi na nyingine saa 6 mchana, bila kujali ipi imetangulia. Wengine huandika "masaa" ili kutofautisha. Wasanifu wa lugha hukunja uso, nami sitawagombeza wanaolitumia kwa mdomo. Kwenye maandishi, muda wa saa 2 unafanya kazi hiyo bila ugomvi. Ratiba ya kutoa damu (kabla ya kumeza, kisha baada ya nusu saa, 1, 2, 4, 8, 12 na 24) iwekeni kwenye jedwali lenye safu mbili: muda uliopita, na wakati wenyewe. Aliyemeza saa 2:00 asubuhi aone wazi kwamba damu ya baada ya muda wa saa 4 ni ya saa 6:00 mchana. Sampuli iliyochukuliwa wakati usio wake, ikaandikwa kama iliyopangwa, hupotosha mchirizi mzima.

"Tutapima damu yako" pia irekebisheni. Kupima damu kwa wengi ni kupima VVU. Semeni "tutapima kiasi cha dawa kilichomo kwenye damu yako", na wingi wa damu mwutaje kwa kitu kinachoonekana: mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai.

Mwisho, kwenye orodha ya vyakula vilivyokatazwa, msitohoe jina la tunda ambalo tayari tunalo. Ni balungi. Maji yake hukizuia kimeng'enya kimojawapo kwenye ukuta wa utumbo, na kikombe kimoja kinatosha kupandisha dawa fulani kwa zaidi ya siku moja. Danzi, lile chungwa chungu la Pwani, nalo hufanya hivyo, na orodha nyingi hulitaja chini ya jina la mji wa Seville, ambalo mfasiri huliacha kama lilivyo au hulifanya "chungwa" tu. Mkiandika "chungwa" mtakuwa mmewakataza washiriki machungwa ya kawaida yasiyo na tatizo hilo, na kuwaachia achari ya madanzi.