Nimepata usupavaiza, mwenzangu anasema ni sababu ya rangi yangu

SWALI: Dada shikamoo. Mimi mtu wa Tanga ila naishi Columbus, Ohio mwaka wa saba sasa, nafanya kazi weahausi ya kupakia mizigo. Nilianza na kufungasha maboksi, nikapelekwa foklifti, na mwaka huu ikatangazwa nafasi ya supavaiza wa shifti ya usiku nikaomba nikapata. Tulioomba tulikuwa wanne. Mmoja ni mzee wa kizungu, ana miaka kumi na mbili pale na ndo alinifundisha mimi kuendesha foklifti. Tangu siku ile hata salamu hanipi. Juzi nikasikia kaandika malalamiko kwamba kampuni imempa mweusi cheo ili ionekane ina watu wa kila namna, na anasema saa hii sheria imebadilika, mahakama imewaruhusu wazungu nao kushtaki kwa ubaguzi. Dada silali. Naogopa watanivua cheo, naogopa nitaitwa mahakamani na Kiingereza changu hiki cha kuokoteza. Na kinachoniuma kuliko vyote nimeanza kujiuliza mwenyewe, labda ni kweli walinipa kwa sababu ya rangi. Nifanye nini?
*Mama wa shifti ya usiku*

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa cheo, manake naona kwa hofu hii hakuna hata mtu aliyekupa hongera.

Tuanze na usingizi wako. Malalamiko ya aina hiyo ni ya kushitaki mwajiri, sio wewe. Sheria anayoitegemea huyo mzee ni ile ya haki za raia ya 1964, sehemu yake ya saba, inayokataza mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi kumbagua mtu kwa rangi, asili, dini, jinsia au nchi aliyotoka. Inambana mwajiri. Wewe zaidi sana utaulizwa maswali kama shahidi, na ukiulizwa omba mkalimani wa Kiswahili, usione haya, maana neno moja ulilolielewa vibaya linaweza kukaa kwenye faili kama ndo ulichokisema.

Sasa hilo la sheria imebadilika. Kesi anayoisema bila shaka ni ya Marlean Ames, na imetokea hapo hapo Ohio, kwenye idara ya jimbo inayoshughulikia watoto wenye kesi. Mama huyu aliomba nafasi ya juu 2019 akaikosa, ikaenda kwa mwanamke anayependa wanawake wenzake, halafu yeye akashushwa cheo na mshahara, na nafasi yake ikachukuliwa na mwanamume shoga. Akashtaki kwamba amebaguliwa kwa kuwa yeye sio kama wao. Mahakama za kule zilikuwa na kanuni yao kwamba mtu wa kundi la wengi akidai ubaguzi lazima alete ushahidi wa ziada, aonyeshe kwamba mwajiri wake ni wa ajabu, ana kawaida ya kuwabagua walio wengi. Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 5 Juni 2025 ikasema majaji wote tisa kwa sauti moja kwamba kanuni hiyo haimo kwenye sheria, kila mtu apimwe kwa kipimo kile kile. Basi. Haikusema Ames alibaguliwa, kesi ilirudishwa chini iendelee. Kwa hiyo mzee wako anaruhusiwa kulalamika, lakini bado lazima aonyeshe kwamba alinyimwa KWA SABABU ya rangi yake, na kukosa kazi peke yake sio ushahidi, ingekuwa hivyo na wale wawili wengine mlioomba nao wangekuwa na kesi.

Na kuna jambo natamani kila mtu wetu wa huko alijue, kwa sababu watu wanaongea kama vile wazungu kulindwa na sheria hii ni kitu cha juzi. Mwaka 1976 kulikuwa na kesi ya wafanyakazi wa kampuni ya malori Texas, walishutumiwa kuiba makopo 60 ya ile dawa ya kuzuia maji ya gari yasigande. Walikuwa watatu, wazungu wawili wakafukuzwa, mweusi mmoja akabakizwa. Mahakama ya Juu ikasema sheria ya 1964 inawalinda na hao wazungu wawili sawasawa na inavyomlinda mweusi. Aliyeandika uamuzi ule ni Thurgood Marshall, jaji wa kwanza mweusi wa mahakama ile, mtu aliyetumia ujana wake wote kupigana na ubaguzi mahakamani. Na huu wa Ames wa 2025 umeandikwa na nani? Ketanji Brown Jackson, mwanamke wa kwanza mweusi kukaa pale. Mimi hilo linanigusa sana. Watu ambao wazazi wao walifungiwa milango ndo walioandika kwamba mlango usifungiwe mtu yeyote, kwa hiyo wewe usije ukadhani sheria imekugeuka, ni ile ile, na inakulinda wewe vile vile.

Sasa je kampuni inaruhusiwa kuangalia kabisa mambo ya kundi? Hapa watu wanabishana mpaka mishipa ya shingo inatoka. Kuna kesi ya 1987 ya idara ya barabara kaunti ya Santa Clara, California. Ilitangazwa kazi ya kupanga mafundi na magari ya barabara. Paul Johnson alipata 75 kwenye intavyuu, Diane Joyce 73, wote wakahesabiwa wanafaa, na idara ikampa Joyce. Kabla yake, kwenye nafasi 238 za ufundi za daraja lile hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Hata mmoja! Mahakama ikakubali kwa majaji sita dhidi ya watatu, kwa sababu jinsia ilikuwa jambo moja kati ya mengi, hakukuwa na nafasi zilizowekwa kando kwa wanawake tu, na Johnson hakupoteza kazi aliyokuwa nayo. Uamuzi ule haujafutwa, ila majaji wa siku hizi wana mkono mgumu zaidi na serikali ya sasa imetamka wazi haitaki mambo haya, Januari 2025 rais alifuta amri ya 1965 iliyowataka wakandarasi wa serikali wawe na mipango ya kuinua walioachwa nyuma. Lakini amri ya rais ni amri ya rais, haifuti sheria iliyopitishwa na bunge.

Kilichokuja kukatazwa ni kuchezea matokeo baada ya kujua nani kashinda. Mji wa New Haven, Connecticut, 2003 walifanyisha wazima moto mtihani wa kupanda cheo, matokeo yalipotoka hakuna mweusi ambaye angepanda wakati ule, mji ukaogopa kushtakiwa na weusi ukatupa matokeo yote. Frank Ricci, mmoja wa waliofaulu, alikuwa na shida ya kusoma na alilipa mtu amsomee vitabu kwenye kaseti ili afaulu. Wakashtaki, na 2009 Mahakama ya Juu ikasema woga wa kushtakiwa peke yake sio sababu ya kumnyang'anya mtu, kwa ajili ya rangi yake, kitu alichokipata.

Umeona inakokwenda? Wengi wanaitaja kesi ya Ricci kama silaha ya wazungu, mimi naona ndo ngao yako wewe! Kampuni yako ikisema ngoja tumvue huyu mama ili mzee anyamaze, bila kosa lolote la kazi, itakuwa inafanya kile kile walichofanya New Haven, inakuvua wewe kwa rangi yako kwa kuogopa kesi. Hapo na wewe unakwenda EEOC, ile tume ya serikali kuu ya mambo ya ubaguzi kazini, kufungua lalamiko ni bure na wakili sio lazima, kwa Ohio una siku 300 tangu jambo lilipotokea. Usizipoteze kwa kusubiri HR, yaani ofisi ya wafanyakazi, wakupigie.

Lakini kuna kosa moja ambalo wewe mwenyewe unaweza kulifanya, na hili lisome mara mbili. Kama huyo mzee yuko kwenye shifti yako, wewe saa hii ni bosi wake. Ukimpunguzia masaa, ukimhamishia kwenye trela la baridi, ukimwandika onyo kwa jambo ambalo wengine unawaachia, hiyo inaitwa kulipiza kisasi na ni kosa la kisheria peke yake, yaani lalamiko lake la kwanza linaweza kutupwa na hili la pili akashinda. Nilifanya kazi HR huko huko Marekani kabla sijarudi Mombasa na nimeona kesi nzuri ya kampuni ikiharibikia hapo hapo, kwa supavaiza aliyeumia moyo akaanza kuminya ratiba. Kwa hiyo muulize bosi wako kwa imeili nani atakuwa anapitisha ratiba na maonyo ya huyo mzee mpaka jambo liishe. Kwa imeili, sio kwa mdomo. Na usimzungumzie na wenzako kwenye chumba cha chakula, hata kwa Kiswahili.

Halafu lile linalokuuma. Sitakuambia kwamba rangi haikufikiriwa, mimi sikuwepo kwenye kile chumba. Ila nitakuuliza: waliokuhoji walikuuliza maswali gani? Ulijibu nini? Shifti ngapi umeshika supavaiza asipokuja, umewafundisha wangapi, umeangusha mizigo mingapi kwenye foklifti? Kaa chini uandike, tarehe kwa tarehe, kadri unavyokumbuka, halafu muombe bosi wako akwambie kwa nini walikuchagua. Unayo haki ya kuuliza, na jibu lake utalihitaji hata huko mbele. Miaka kumi na mbili ya yule mzee ni kitu kikubwa na mimi naiheshimu, ila kama tangazo halikusema atakayechaguliwa ni aliyekaa sana basi miaka ni jambo moja tu kati ya yaliyopimwa. Yeye alikufundisha foklifti ukaijua, hilo nalo liandike, na kesho ukipishana naye msalimie kwa jina lake hata asipojibu.

SWALI: Habari dada. Mimi ni klinikal ofisa kaunti moja hapa Kenya, miaka kumi na moja, digrii nimeongeza kwa pesa yangu. Nafasi ya kupanda ilipotoka akapewa mwenzangu wa miaka minne, na mkubwa mmoja akaniambia pembeni nisijisumbue, kabila langu tumejaa hapa kaunti na sheria inataka asilimia thelathini wawe wengine. Mimi nimezaliwa kwa kabila hili sikuomba. Hii si ni ubaguzi tu umegeuzwa?
*Nimechoka*

JIBU: Kaka pole, na swali lako limenijia siku moja na la yule mama wa Ohio, nikakaa nayo yote mawili kwa muda mrefu.

Huyo mkubwa amekusomea sheria nusu. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 kweli inasema angalau asilimia 30 ya nafasi ziende kwa wasio wa kabila kubwa la kaunti, lakini inasema nafasi za KUANZIA kazi. Kupanda cheo kwa mtu aliyekwisha ajiriwa sio nafasi ya kuanzia. Kuna nyingine pia, ile ya uwiano na utangamano ya 2008, inayosema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja, ila hebu piga hesabu, wewe na mwenzako wote mko ndani tayari, akipanda huyu au yule idadi ya kila kabila haisogei hata mtu mmoja.

Sitakudanganya kwamba kabila haliangaliwi kabisa kwenye kupanda. Katiba kifungu cha 232 inataka ushindani wa haki na uwezo viwe msingi wa kuajiri na kupandisha, lakini hapo hapo inataka nafasi za kupanda ziwafikie watu wa makabila yote, wanaume na wanawake na wenye ulemavu, katika ngazi zote. Na mimi naiunga mkono, kwa sababu nakumbuka ofisi ambazo ukiingia ulikuwa unasikia lugha moja ya nyumbani kuanzia kwa bawabu mpaka kwa mkurugenzi, na waliobaki nje walikuwa wamezaliwa na makabila ambayo hawakuomba, kama wewe. Lakini jambo hilo linafanywa kwa maandishi, kwa alama, kwa tangazo linalosema, haliambiwi mtu pembeni ya korido.

Sasa fanya hivi, na ufanye wiki hii. Andikia bodi ya huduma za umma ya kaunti uombe alama zako na vigezo vilivyotumika, ukitaja sheria ya kupata habari ya 2016, wana siku 21 za kukujibu. Yale maneno ya pembeni yaandike, siku gani, wapi, nani alikuwepo. Na rufaa yako inakwenda Tume ya Huduma za Umma Nairobi, ambayo ndiyo inayosikiliza rufaa za wafanyakazi wa kaunti, na muda ni siku 90 tangu uamuzi ulipotolewa. Hujanitajia tarehe ya uamuzi kwenye barua yako, itafute leo kabla hujalala uanze kuhesabu.