Nenosiri la msimamizi limepotea: maswali yenu

Fundi aliyetuwekea mfumo wa stoo hapa Kongowea kahama na hapokei simu. Nenosiri la msimamizi wa MySQL, programu inayotunza hifadhidata yetu, alilijua yeye tu. Data ndiyo imekwenda?

Haijakwenda, ndugu yangu. Imo kwenye diski, na mwenye seva, yaani kompyuta inayotunza data hiyo, ana njia ya kuingia. Lakini nenosiri la zamani hulipati tena: MySQL hulihifadhi likiwa limekorogwa kwa hesabu isiyorudi nyuma. Utaweka jipya.

Zima MySQL, kisha nakili folda nzima ya data kwenye diski ya nje. Wengi huiruka hatua hii kwa pupa, nakusihi usiiruke. Andika faili ya maandishi yenye mstari huu (root ndiyo akaunti ya msimamizi):

ALTER USER 'root'@'localhost' IDENTIFIED BY 'nenosiri_jipya';

Washa MySQL kwa chaguo la --init-file lenye njia kamili ya faili hiyo, ili iisome inapowaka, na hakikisha akaunti inayoendesha MySQL inaweza kuisoma. Ukishaingia, futa faili hiyo mara moja, maana nenosiri limo wazi, kisha washa MySQL upya kama kawaida.

Rafiki ameniambia niwashe MySQL kwa --skip-grant-tables, isiulize nenosiri. Ni salama?

Inafanya kazi, lakini kwa muda huo anayeifikia hifadhidata haulizwi chochote. Toleo la 8.0 hujifungia mtandao lenyewe. Kwa la zamani ongeza --skip-networking. Tanguliza amri ya FLUSH PRIVILEGES. Ama sivyo ALTER USER itakataliwa. Mimi napendelea ile njia ya kwanza.

Hifadhidata yetu si ya MySQL, ni ya PostgreSQL kwenye kompyuta ya Ubuntu (aina ya Linux). Tufanyeje?

Jaribu kwanza sudo -u postgres psql. Mara nyingi huingia bila kuulizwa, kisha andika \password uweke nenosiri jipya.

Tumebadilisha nenosiri la root, sasa programu ya mauzo haifunguki. Niko Likoni, wateja wamepanga foleni.

Pole sana, dada. Programu hiyo ilikuwa ikiingia kwa root. Weka nenosiri jipya kwenye faili yake ya mipangilio ili uwahudumie wateja. Jioni, baada ya kufunga, ifungulie akaunti yake yenye ruhusa za hifadhidata hiyo moja tu.

Nilikuwa mwajiriwa Changamwe. Nataka kuingia kwenye seva yao nichukue kazi yangu.

Hapo sikusaidii. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta inakataza kuingia bila idhini. Mwandikie mwenye kampuni, aamuru upewe nakala ya anachokubali.