Mwalimu, nimesifiwa au nimekosolewa?

Shikamoo Mwalimu. Ninaandika tasnifu kuhusu bei ya mukene, wale dagaa wa Ziwa Victoria, katika mwalo wa Ggaba. Msimamizi wangu ameirudisha sura ya pili na kuandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, neno moja: "atheoretical". Mwandiko wake umebanana kweli. Nikasoma "a theoretical", nikadhani amesema nimeandika sura ya kinadharia. Furaha ikanipanda, nikawanunulia wenzangu rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, pale Wandegeya. Juzi nilipoenda kumshukuru, alinitazama tu. Neno hili lina maana gani, na kwa Kiswahili tuliiteje? Nimeambatisha kurasa tatu za sura yenyewe.
Mwanafunzi wa uzamili, Kampala

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hela ya rolex.

Hiyo "a" si ile ya Kiingereza isimamayo peke yake mbele ya nomino. Ni kiambishi cha Kigiriki cha kukanusha, kile kile kilichojificha ndani ya "atomu", kitu kisichokatika. Msimamizi amekwambia kwamba sura yako haikuegemea nadharia yoyote.

Kwa Kiswahili, usiseme "isiyo ya kinadharia". Neno "kinadharia" mtaani limeshachakaa: mtu akisema mpango fulani uko kinadharia tu, anamaanisha uko kwenye karatasi. Kwa hiyo sura "isiyo ya kinadharia" itasikika kama sura ya vitendo, na utasifiwa kwa makosa mara ya pili. Mimi hutumia "isiyoegemea nadharia". Ni ndefu, najua. Zamani nilijaribu kuandika "sinadharia" ubaoni, darasa zima likacheka, nikafuta.

Neno "nadharia" lenyewe tumelipata kwa Waarabu, kwenye mzizi wa kutazama. Mandhari ni ndugu yake wa damu. Ajabu ni kwamba Wagiriki nao walianzia hapo hapo: "theoria" yao ni kutazama. Basi swali la msimamizi ni hili: unaitazama bei ya mukene ukiwa umesimama wapi?

Nimesoma kurasa zako. Fulani alisema, fulani akaongeza, kisha jedwali la bei. Sasa nenda kwa mama yeyote anayeanika mukene pale mwaloni. Atakwambia kwamba huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki sawasawa, mzigo unapungua, bei inapanda. Mvua nayo ikiwakuta bado wameanikwa, wanaharibika. Mama huyo hajaandika tasnifu, lakini ana nadharia: anataja sababu, anatabiri wiki ijayo, na wiki ijayo inaweza kumuumbua. Jedwali lako haliwezi kuumbuliwa na chochote, kwa kuwa halijadai kitu.

Hata hivyo neno hili si tusi kila mahali. Mwaka 1980 madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani walitoa toleo la tatu la mwongozo wao wa utambuzi, na kwa upande wa vyanzo vya magonjwa mengi walijitangaza wenyewe kuwa hawaegemei nadharia. Wafuasi wa Freud, mwasisi wa uchanganuzi wa nafsi, walikuwa na maelezo yao ya chanzo, wengine yao. Basi wakakubaliana kueleza dalili kwanza, ili madaktari wawili wakimwona mgonjwa mmoja wampe jina moja la ugonjwa. Walipingwa sana, maana hata kuchagua dalili ipi ihesabiwe ni kutazama kutoka mahali fulani. Lakini walichagua kwa makusudi na wakasema hivyo. Wewe hukuchagua, imekutokea.

Wala usichanganye na kupinga nadharia. Anayepinga ameiona akaikataa. Sura yako haijakutana nayo.

Anza upya na mwezi na mvua, kisha watafute wanauchumi walioandika kuhusu ugavi wa bidhaa inayoharibika upesi. Na msimamizi akikuandikia tena pembeni, mwombe akusomee kwa sauti kabla hujafika Wandegeya.